Wazee wa Ofisini na Viti Vitupu

(Maneno ya hotuba iliyosomwa na karani mmoja, mwanachama wa Sengerema, mbele ya mkutano wa wanachama. Yamechapwa hapa kwa ombi la wale waliokuwa safarini siku ile.)

Bwana Mwenyekiti, Bwana Katibu, wazee wetu mlioketi safu ya mbele, nanyi ndugu zangu makarani, wauguzi na walimu:

Halmashauri ya chama imenitaka niseme juu ya jambo lililotutia katika mabishano mikutano miwili mfululizo, nalo ni hili: mwajiri afanyeje watumishi wake wanapozeeka pamoja, na watu wa kushika nafasi zao hawaonekani? Katika mkutano uliopita vijana walisema wazee waondoke wapishe. Wazee wakajibu kwamba wao wakiondoka leo, kesho jalada halitaonekana. Maneno yakapanda hata Bwana Mwenyekiti akagonga meza mara tatu. Mimi umri wangu ni miaka thelathini na kitu, si wa huku wala si wa kule, na nadhani ndiyo sababu nimepewa kazi hii. Nitasema kama nionavyo, na asiyekubali ana ruhusa ya kusimama baadaye.

Yafaa kwanza tuulize kama ni kweli kwamba watu hawapo. Ziko nchi ambako neno hilo ni kweli tupu. Huko Japani karibu watu watatu katika kila kumi wamepita umri wa miaka 65, na watoto wanaozaliwa kila mwaka ni wachache kuliko watu wanaokufa. Waajiri wa huko hawana pa kuchota. Kwa hiyo sheria yao imekuwa ikisogeza mpaka kidogo kidogo. Tangu mwaka 1998 mwajiri hakuruhusiwa tena kuweka umri wa kustaafu ulio chini ya miaka 60; tangu 2006 akatakiwa aweke njia ya watu kuendelea na kazi mpaka 65; mwaka 2013 njia hiyo ikafunguliwa kwa kila atakaye; na tangu Aprili 2021 waajiri wamehimizwa wajitahidi kuifikisha miaka 70. Mara nyingi mzee wa Kijapani hustaafu kwa karatasi akiwa na miaka 60, kisha siku ya pili huajiriwa tena katika kampuni ile ile kwa mshahara uliopungua. Ujerumani nao wanausogeza umri wa pensheni kutoka 65 kwenda 67, kazi itakayokamilika mwaka 2031. Uingereza, mwaka 2011, waliiondoa ile ruhusa ya mwajiri kumstaafisha mtu kwa kuwa tu ametimiza miaka 65. Watu hao wafanya hivyo kwa sababu kisima chao kimekauka.

Kwetu kisima kimejaa hata chafurika. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 61,741,120 katika Tanzania yote, na karibu nusu yao ni watoto wasiofikisha miaka kumi na minane. Piteni stendi yetu hapa Sengerema asubuhi, mwaulize vijana wanaongoja abiria juu ya pikipiki wamesoma mpaka wapi. Mtamwona mwenye stashahada ya ualimu, na mwenye cheti cha uuguzi, na mwingine aliyesomea utunzaji wa kumbukumbu, kazi yangu mimi. Basi mtu akiniambia kwamba watumishi hawapatikani, namuuliza: hawapatikani, au hawajaajiriwa?

Neno hili la "watu hawapo" babu zetu walilisikia kabla yetu. Katika miaka ya ukoloni wenye mashamba ya katani kule Tanga na Morogoro walilia mwaka hata mwaka kwamba vibarua ni haba. Msukuma na Mnyamwezi walikuwa wakienda kwa miguu mpaka huko kutafuta fedha ya kodi. Na watu wa pwani walikwisha kuwa na methali yao kwamba mzigo mzito apewe Mnyamwezi, methali ambayo mimi sikuipenda kamwe, maana aliyeitunga hakusema Mnyamwezi huyo alipwe kiasi gani. Kisha pamba ikashika mizizi huku kwetu. Mtu aliyeweza kupata fedha katika shamba lake, akalala katika nyumba yake, ana haja gani ya kwenda kukata katani mbali kwa kipande cha siku 30? Wakati wa Vita Vikuu vya Pili Serikali ya siku zile ilitumia hata amri kuwapeleka watu mashambani kwa nguvu. Na mwaka 1944 wenye mashamba wakaanzisha ofisi yao ya kuandikisha watu, iliyoitwa SILABU, ikawafuata watu mpaka Uha, na Njombe, na Songea, hata Ruanda-Urundi, ikawaleta wale tuliowaita manamba. Mwajiri aliona ni afadhali kwenda safari ya mamia ya maili kumtafuta mtu aliye na shida zaidi, kuliko kuongeza malipo ya mtu aliye karibu.

Siku hizi watu hawachukuliwi kwa malori bali kwa ndege. Julai 2021 Kenya ilitia sahihi mapatano na Uingereza ili wauguzi wa Kenya waende kufanya kazi katika hospitali za huko, na Septemba 2024 ikatia sahihi mengine na Ujerumani juu ya wafanyakazi wenye ujuzi. Sisemi kwamba aendaye amekosa. Kila mtu ana watoto wa kulisha. Shirika la Afya Duniani, mwaka 2023, lilitoa orodha ya nchi 55 zenye upungufu mkubwa wa watumishi wa afya, ambazo nchi tajiri hazipaswi kwenda kuchota wauguzi wake ovyo, na Tanzania imo. Hata hivyo orodha haimzuii mtu kupanda ndege akiwa amekaa miaka minne nyumbani na cheti chake bila kazi.

Sasa nije kwenye kiini cha maneno yangu. Naomba mkumbuke namna tulivyoajiri walimu katika nchi hii. Azimio la Musoma la Novemba 1974 lilitaka kila mtoto wa umri wa shule awe darasani ifikapo mwaka 1977. Walimu wa kutosha hawakuwapo. Wakachukuliwa vijana waliomaliza darasa la saba, wakafundishwa ualimu huko huko vijijini huku wakishika chaki. Wengi wetu tuliosoma shule za msingi za Serikali tumefundishwa kusoma na watu hao, na wapo hapa mbele yangu. Kijana wa miaka 18 aliyeingia kazini mwaka 1977 alizaliwa mwaka 1959; basi miaka 60 aliitimiza mwaka 2019. Walioingia kabla yake kidogo, na walioingia baada yake kidogo, wote walikuwa rika moja. Maana yake ni kwamba jeshi zima lililoingia madarasani kwa pamoja liliondoka kwa pamoja, katika miaka michache.

Na liliondoka wakati gani? Ni wakati ule ule ambapo ada ya shule za sekondari za Serikali, kidato cha kwanza mpaka cha nne, ilikuwa imefutwa tangu Januari 2016, na watoto wakafurika hata wakakaa sakafuni. Tena katikati ya mwaka 2016 ajira zilisimamishwa ili watumishi hewa wahesabiwe. Na Aprili 2017 ikatolewa orodha ya watumishi 9,932 waliokutwa na vyeti vya kughushi, wakaondolewa kazini. Mimi silaumu kuhesabu wala kuondoa. Anayetibu watu kwa cheti cha uongo haifai abaki. Lakini mtazame hali ilivyokuwa: mlango wa kutokea ulikuwa wazi pande zote mbili, na mlango wa kuingilia umetiwa komeo.

Tena kabla ya hapo kulikuwa na ukame mwingine. Katika miaka ya 1990, kwa masharti ya mageuzi ya uchumi, ajira Serikalini zilizuiwa na watumishi wengi wakapunguzwa. Hospitali na zahanati zilikaa miaka mingi pasipo damu mpya. Mtu ambaye angeajiriwa mwaka 1995 akiwa na miaka 25 ndiye sasa angekuwa mkuu wa idara, ndiye angekuwa akiwafundisha vijana kazi, kisha akajiandaa kuondoka taratibu. Mtu huyo hayupo, kwa sababu hakuajiriwa. Ndiyo maana ukiingia katika ofisi nyingi utakuta mzee wa miaka 58, na kijana wa miaka 29, na katikati pengo, kama kinywa cha mtoto anayeng'oka meno.

Baadaye mvua ikanyesha yote kwa siku moja. Mpango wa sekondari ulioanza mwaka 2004 ulileta shule za kata kila upande, na mpango wa afya ya msingi wa mwaka 2007 ulitaka zahanati kila kijiji. Watu wakaajiriwa kwa haraka. Mnawakumbuka wale vijana wa kidato cha sita waliopewa mafunzo ya majuma machache tu, kisha wakapelekwa kufundisha, mpaka watu wakawapa jina la "voda fasta". Wengine wao wamekuwa walimu hodari sana. Lakini jina lenyewe laonyesha jinsi mwajiri alivyokuwa akikimbia. Na sasa fanyeni hesabu ya pili. Aliyeajiriwa kati ya 2005 na 2012 akiwa na miaka 25 atatimiza miaka 60 kati ya 2040 na 2047. Wimbi lile la Musoma laja tena, na safari hii ni kubwa zaidi, na sisi tulio katika chumba hiki ndio tutakaokuwa ndani yake au nyuma yake hatua moja.

Bwana Mwenyekiti, kustaafu si kama ugonjwa au ajali ya barabarani. Kifo huja kama mwizi, lakini kustaafu kumeandikwa ndani ya jalada la mtu tangu siku aliyoripoti kazini, pale penye tarehe ya kuzaliwa. Sheria yetu ni miaka 55 kwa hiari na 60 kwa lazima. Hakuna mwajiri duniani anayeweza kusema, "Sikujua kwamba fulani atatimiza miaka 60." Alijua miaka thelathini na mitano kabla.

Nitoe mfano wa ofisi moja, ambayo sitaitaja wala sitasema iko upande gani wa daraja la Kigongo na Busisi. Palikuwa na mzee aliyetunza masijala tangu ujana wake. Majalada ya viwanja aliyajua kwa rangi ya uzi na kwa maandiko ya kila karani aliyetangulia. Mtu akija na jina la marehemu baba yake tu, bila namba, mzee alifumba macho kidogo kisha akaenda moja kwa moja kwenye rafu. Ulikuwa ujuzi mkubwa, lakini ulikaa kichwani mwake peke yake. Akastaafu siku ya Ijumaa. Wakampa redio, na picha zikapigwa. Jumatatu ufunguo wa masijala ukapewa karani wa mishahara aushike kwa muda. Huo muda ukawa miezi kumi na minne, maana nafasi ilikuwa katika ikama, lakini kibali cha kuijaza hakikuwa kimeombwa mpaka mzee alipokwisha kuondoka.

Katika miezi hiyo alikuja mama mmoja mjane, mara saba, kutafuta barua ya kiwanja cha mumewe. Mara saba akaambiwa arudi juma lijalo. Hatimaye mwajiri akapata shauri lake: wakamwita mzee awe anakuja kila Jumanne, bila mkataba, wakimpa nauli na chai. Mzee akaja. Barua ikaonekana ndani ya jalada la mtu mwingine, lakini siku hiyo jirani alikuwa amekwisha kujenga ukuta juu ya nusu ya kiwanja, na kesi ikaanza. Na yule kijana aliyeajiriwa hatimaye hakumkuta mzee. Nauli ilikuwa imekwisha kukatwa mwezi mmoja kabla. Angalikaa naye miezi sita tu katika chumba kile, angaliandika yote katika daftari.

Basi nawaambia vijana wenzangu: aliyewanyima kiti si yule mzee. Na nawaambia wazee wetu, kwa heshima zote: ujuzi usiofundishwa haumsaidii mwajiri, unamfunga tu. Mimi nimeona wazee wanaoficha ufunguo makusudi, wakidhani kwamba wakimfundisha kijana watakuwa wamejifukuza wenyewe. Huyo naye hana budi kuambiwa.

Lakini haifai tuwaseme wazee pasipo kutazama kwa nini hawapendi kuondoka. Sababu moja ni mafao. Wengi wetu twalitamka neno kikokotoo kwa uchungu bila kukaa na karatasi na kuhesabu. Nimehesabu, na Bwana Mhasibu ameikagua hesabu yangu. Tuchukue mtumishi wa miezi 360, yaani miaka thelathini, ambaye mshahara wake wa kukokotolea ni shilingi 1,000,000 kwa mwezi. Kwa kanuni ya zamani iliyotumika katika mfuko wa PSPF, ambayo ilikuwa 1/540, na kizidisho cha 15.5, na nusu kulipwa kwa mkupuo, mtu huyo alipata shilingi 62,000,000 mkononi na shilingi 333,333 kila mwezi. Mwaka 2018 mifuko iliunganishwa ikawa PSSSF. Ikaletwa kanuni mpya, watu wakalia, ikasimamishwa mwishoni mwa mwaka ule. Julai 2022 ikaanza nyingine, ya 1/580, na kizidisho cha 12.5, na mkupuo wa asilimia 33: mtu yule yule angepata shilingi 30,724,138 mkononi na 415,862 kila mwezi. Mwaka 2024 Serikali ikapandisha mkupuo mpaka asilimia 40 kwa wale ambao zamani walikuwa na nusu. Basi akapata 37,241,379 mkononi na 372,414 kwa mwezi.

Mwenye kutazama vema ataona kwamba pensheni ya mwezi haikupungua, imezidi ile ya zamani. Iliyopungua ni fedha ya mkononi. Lakini mtumishi wetu wa Sengerema aliipangia fedha ile ya mkononi tangu ujana. Ndiyo nyumba aliyoiacha kwenye lenta. Ndiyo mashine ya kusaga, ndiyo ng'ombe, ndiyo ada ya mtoto wa mwisho. Alihesabu 62, anapewa 37. Mtu wa namna hiyo akiambiwa kuna mkataba wa miaka miwili mbele, ataukimbilia, hata kama mgongo wauma. Mwajiri anayetaka wazee waondoke kwa moyo mweupe na awaeleze hesabu hii wakiwa na miaka 45, si miezi mitatu kabla ya siku.

Juu ya kuongeza umri wa kustaafu, mimi siungi mkono kila namna. Mwaka 2018 Bunge letu lilikubali maprofesa, wahadhiri waandamizi na madaktari bingwa waweze kufanya kazi mpaka miaka 65. Hilo naliona la haki, maana daktari bingwa hatengenezwi kwa siku moja. Ana miaka mitano ya shahada, na mwaka wa mazoezi, na miaka ya kazi, kisha tena miaka mitatu na zaidi ya ubingwa, na pengine amepita arobaini ndipo akamilike. Lakini jirani zetu wa Kenya, mwaka 2009, waliwaongezea watumishi wa Serikali wote kwa mara moja, kutoka 55 kwenda 60. Mwaka ule aliyetarajiwa kuondoka hakuondoka, na wa pili yake hakupanda, na kijana wa chini akaendelea kungoja barazani. Kwa karani wa masijala, au mtunza ghala, au dereva, sioni sababu ya kusogeza mpaka kwa nchi yenye vijana kama mchanga wa ziwani.

Kuna jibu jingine la waajiri ambalo halisemwi sana katika mikutano, nalo ni la wale wanaoitwa wanaojitolea. Katika shule na zahanati nyingi mtaona kijana amevaa koti jeupe, au ameshika rejista ya darasa, na mwisho wa mwezi hana sahihi popote. Anafanya kazi ya kiti kitupu, na kwa kuwa kazi inafanyika, kiti kinaonekana kama kimejaa. Hapo ndipo uovu wenyewe ulipo. Mwajiri akiulizwa, "Mbona hamkuomba kibali?" hujibu kwamba huduma haijasimama. Huku kijana anazeeka. Matangazo ya Sekretarieti ya Ajira husema mwombaji asizidi miaka 45, na nadhani najua sababu: pensheni yataka michango ya miezi 180, yaani miaka kumi na mitano, na 45 ukiongeza 15 ndiyo 60. Hesabu ni sawa. Lakini kijana aliyejitolea tangu 27 mpaka 36, akafika miaka 45 bado hajaajiriwa, amekwisha kustaafu kabla ya kuanza, wala hana redio wala picha.

Mashine nazitaja kwa ufupi. Siku hizi upimaji wa kazi unafanywa kwa mfumo wa PEPMIS badala ya zile fomu za OPRAS, na majalada mengi yanaingia katika kompyuta. Watu wengine wadhani kwamba kompyuta itaziba pengo la watu. Itaziba pengine, lakini mtu wa kuingiza karatasi ya zamani katika mfumo ni lazima aweze kuisoma, na kujua kwamba kijiji kilichotajwa pale kilikuwa chini ya wilaya ya Geita kabla Sengerema haijawa wilaya. Kazi hiyo ni ya mzee na kijana kwenye meza moja.

Tena watu husema, "Hata wakiajiriwa, hawakai." Wasema hivyo hasa juu ya visiwa vya Kome na Maisome, na vijiji vya ndani. Mimi nauliza wamewekewa nini huko wakae. Taasisi ya Benjamin Mkapa, iliyoanzishwa mwaka 2006, ilipeleka wahudumu wa afya katika wilaya za mbali kwa mikataba yenye malipo mazuri zaidi, nao wakaenda. Na huku kwetu, uamuzi wa kujenga mgodi wa dhahabu wa Nyanzaga ulitangazwa mwaka 2025. Ngojeni mwone kama mgodi utalalamika kwamba mafundi umeme na wauguzi hawataki kukaa porini. Zaidi nahofia kwamba fundi wa halmashauri ataondoka akiwa na miaka 35, na mzee wa miaka 59 ndiye atakayebaki, kisha naye aende mwaka ufuatao.

Wazee wa Kisukuma wakiwa na shamba lililowashinda walimwita nsumba ntale, naye akawakusanya vijana wa kijiji na majembe yao. Lakini vijana walilima mwenye shamba akiwapo, akionyesha mpaka ni wapi na mbegu gani ilipandwa mwaka jana. Sikumbuki kusikia kwamba waliitwa baada ya mazishi.

Kwa hiyo naleta maombi haya mbele ya mkutano, yapelekwe kwa waajiri wetu kwa barua ya chama. La kwanza, kibali cha kujaza kila nafasi kiombwe miaka miwili kabla ya mwenye nafasi kutimiza 60, ili mrithi wake apate kukaa naye miezi isiyopungua sita. Najua mtasema mishahara miwili kwa kiti kimoja ni gharama. Ni gharama ya miezi sita. Waulizeni wenye kesi ya ule ukuta kama kiti kitupu ni rahisi. La pili, mzee asipewe mkataba baada ya kustaafu isipokuwa jina la kijana atakayemfundisha liandikwe ndani ya mkataba ule ule, na mkataba ukome kijana anapothibitishwa. La tatu, wanaojitolea wahesabiwe kila robo mwaka, na idadi yao ipelekwe pamoja na taarifa ya ikama kama nafasi zilizo tupu. La nne ndilo kubwa, nalo liko juu ya uwezo wa wilaya: ajira zije kila mwaka kwa kiasi, hata zikiwa chache, kuliko kuja zote mwaka mmoja kisha miaka sita pasiwe na kitu. Hilo liandikwe kwa maneno ya adabu, lakini liandikwe.

Lakini barua isiyo na hesabu hutupwa kapuni. Bwana Katibu anazo karatasi pale mezani, zina safu nne tu: cheo, mwaka wa kuzaliwa wa aliye katika cheo hicho, mwaka atakaotimiza 60, na kama yupo anayejifunza kazi yake. Majina ya watu msiandike. Kila mwanachama achukue ya ofisi yake, aijaze na kuirudisha kabla ya mkutano ujao. Ofisi ninayofanyia kazi nimekwisha kuijaza: vyeo kumi na kimoja, vinne kati yake vitakuwa tupu kabla ya mwaka 2030, na safu ya mwisho ina jina la "ndiyo" mara moja tu.

Maswali nitayapokea sasa, isipokuwa ya kikokotoo, ambayo Bwana Mhasibu amekubali kuyajibu yeye.